Namna ya Kukosea Utabiri kwa Heshima

Ndugu yangu mtaalamu wa hali ya hewa, sogea karibu nikunong'oneze. Utakosea. Msimu mmoja utasema mvua kubwa, jua liwake. Mwingine utasema mvua za kawaida, mto uvunje daraja. Anga haina mkataba na mtu. Basi usihangaike kutafuta namna ya kutokosea kamwe. Jifunze kukosea ukabaki unaaminika. Siku utakayopatia, uhai wa watu utategemea kama bado wanakusikiliza.

1. Kiri kosa kabla hujalifanya. Siku ileile unayosoma utabiri wa Vuli, sema waziwazi. Ikiwa hesabu yako ni asilimia 60, iseme hivi: "Dalili kama hizi zikitokea mara 10, mara 6 mvua huzidi, mara 4 haizidi." Usiogope kwamba hawataelewa. Mkulima anayepanda nusu ya mbegu na kuficha nusu darini amekuwa akipiga hesabu hiyo tangu utotoni.

2. Tarehe iepuke. Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro ingeweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ukaja ukapita, na kileleni barafu ipo. Wabezaji wakaikamata tarehe. Wachache wakakumbuka kwamba kati ya 1912 na 2007 mlima ule ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Tangaza kilichokwisha kupotea. Hicho hakuna atakayekutolea kalenda.

3. Achana na "juu ya wastani". Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Wastani wa miaka 30 ni kipimo kizuri sana mezani kwako. Sasa shuka nacho bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Ingia nyumba moja pale Jangwani. Ukutani kuna mstari wa tope, umekauka, rangi ya chai ya maziwa, sentimita chache juu ya kitasa cha mlango. Mama mwenye nyumba hakuuchora wala hakuufuta. Huo ndio mtambo wake wa kupimia mvua.

Mwibie kipimo chake. Nakuruhusu, wala hatakushtaki. Redioni sema: "Mvua hii inaweza kurudisha maji kwenye ule mstari ukutani kwako." Kisha sema la kufanya, kwa mpangilio, usiku haujaingia: watoto na wazee waende kwa ndugu walio mlimani, vyeti viwekwe kwenye mfuko wa plastiki, unga na godoro vipandishwe juu. Kama hujui maji yatafika wapi, usibuni. Sema hujui, halafu taja la kufanya vilevile. Na hayo maneno yenu mawili, "angalizo" na "tahadhari": ofisini mnajua lipi zito kuliko jingine. Muulize dereva wa bodaboda.

4. Mwachie mheshimiwa sifa. Kiongozi hupenda kuwa mleta habari njema, na wewe hutambadilisha. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu wamebadili makadirio: El Niño ya kuharibu haitakuwepo, ni mvua kubwa tu. Kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo. Watu walikuwa wamebishana kama mvua ile iitwe El Niño au la, na mto hauulizi jina.

Kwa hiyo usimpelekee mheshimiwa jina. Mpelekee ukurasa mmoja wenye mambo matatu anayoweza kuyatangaza kesho akapigiwa makofi: mitaro inazibuliwa, shule fulani imefunguliwa kupokea wanaohama, fedha za dharura zimetengwa. Awe yeye aliyeokoa watu. Wewe kaa safu ya nyuma na upige makofi pia, watakuwa hai.

5. Kimbunga kikiahirisha safari, jitokeze. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilififia kabla ya kufika pwani ya Tanzania. Mvuvi aliyevuta ngalawa yake mchangani alipoteza siku ya kazi, na ana haki ya kuuliza kwa nini. Siku kama hiyo nenda gatini mwenyewe. Mwambie kilichokidhoofisha, mshukuru kwa kuvuta chombo, mwombe akivute tena ukimwita. Mtu akikwambia pwani yetu haina vimbunga, mkumbushe Aprili 1872, upepo ulipong'oa mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kule Lindi. Miaka mitatu baada ya Jobo, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia.

Anayevuta chombo mara ya pili ni yule aliyeambiwa ukweli mara ya kwanza. Huyo usimpoteze kwa aibu yako ya ofisini.

Vuli huanza Oktoba. Redio ya wilayani kwako ina dakika chache kabla ya bei za mazao, na mtangazaji anajua kusema na watu wake kuliko mimi na wewe. Mpigie leo.