Sifa za Betri Nne

Kila Jumamosi ukumbini kuna wanaosifiwa: bibi harusi kwa shela lake, mpishi kwa pilau lake, MC kwa sauti yake iliyokwaruza tangu saa moja jioni. Mpiga picha hapewi maiki. Akifungua mdomo, watu hudhani ana njaa, na mara nyingi hawajakosea. Basi leo nasimama bila kuitwa, kumsifu mgeni anayehudhuria kila harusi bila kadi wala sare, akiwa amefungiwa ndani ya flashi juu ya kamera yangu. Namsifu betri. Wako wanne kwa idadi, wembamba, wa ukubwa wa AA, na kwa jinsi walivyonitesa nawafahamu kuliko ninavyowafahamu watoto wa baba mdogo.

Desturi inataka tuanze na utambulisho wa ukoo. Upande wa betri, babu mkuu ni rundo la visahani vya metali mbili tofauti na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, lililotangazwa mwaka 1800 na Alessandro Volta wa Italia. Napoleon alipendezwa na kazi za Volta hata akampa cheo cha kikabaila mwaka 1810. Upande wa flashi, bibi ni unga wa magnesi, uliokuwa ukilipuliwa kwa moshi na kishindo, na mama ni balbu zilizoingia sokoni kama mwaka 1930 hivi, kila moja ikiwaka mara moja tu na kufa. Enzi hizo mpiga picha alibeba balbu za kuhesabika, na hakuna shangazi aliyethubutu kumwambia, "Rudia mwanangu, nilifumba macho." Ukoo umeishia hapo. Asanteni, kaeni. Mmeona utambulisho ulivyo mfupi ukitaka?

Fadhila ndogondogo nazitaja kwa kupita. Betri haidai nauli. Haiji na watoto wasioalikwa. Haisimami mbele ya lenzi na simu juu, ikirekodi kiss kwa video itakayotikisika kama tetemeko. Haina upande, inamulika ndugu wa bwana na ndugu wa bibi sawasawa. Inatosha.

Fadhila kuu, na hii ndiyo iliyonisimamisha, ni kwamba betri inajua kiasi cha nguvu zake, na ikifika mwisho inasema imefika mwisho.

Tazameni inavyofanya kazi. Betri ya kuchaji ina volti 1.2. Zikipangwa nne kwa mfuatano zinakuwa na volti 4.8, na kwa hicho kidogo zinaijaza kapasita ya flashi hadi volti kama 300. Ule mlio mwembamba unaousikia sikioni, wiiii, ndio kazi yenyewe inafanyika. Taa ndogo nyekundu ikiwaka mgongoni mwa flashi, mambo tayari. Betri zikiwa zimeshiba, kungoja baada ya flashi ya nguvu zote ni sekunde tatu hivi. Ukoo wa bwana harusi ukishatambulishwa wote, pamoja na jirani waliyehamia naye Tabata, mlio unakuwa mzito, unajikokota, na sekunde zinafika nane, kumi, kumi na mbili. Betri inatoa taarifa. Haijikazi ikajifanya kijana.

Sasa msikilize mwenyekiti wa kamati. Anapanda jukwaani, anasema, "Kwa ufupi sana." Wenye uzoefu wanavua viatu chini ya meza. Baada ya robo saa anasema, "Kwa kumalizia." Baada ya robo nyingine, "La mwisho kabisa." Kisha anakumbuka hajamshukuru aliyetoa gari. Katika ukumbi mzima wenye watu mia tatu na hamsini, hakuna kiumbe mwenye ujasiri wa kutamka "nimeishiwa" isipokuwa hawa wanne niliowabeba mimi. Wanatamka bila kuomba msamaha, bila "itifaki imezingatiwa". Wengine huona ni usaliti kwamba betri huzima pale kisu kinapogusa keki. Mimi naona ni uaminifu uliokithiri. Alikuwa na nguvu za usiku mmoja, zikatumika usiku huo, zikaisha. Ungependa adanganye?

Na waangalieni wakiwa pamoja. Kwa kuwa zimepangwa kwa mfuatano, umeme uleule unapita kwa zote nne, hivyo hakuna inayotega. Moja ikichoka, kundi zima linasimama, na ukilazimisha kuendelea, ile dhaifu inaumia moja kwa moja. Ndiyo sababu mpiga picha mwenye akili hachanganyi betri kuukuu na mpya. Anazifunga nne nne kwa mpira, zinachajiwa pamoja, zinazeeka pamoja. Linganisha na kamati ya harusi. Watu arobaini kwenye kundi la WhatsApp, anayekimbia ni mmoja, dada wa bibi harusi, na thelathini na tisa wanatuma mikono iliyokunjwa na kuulizia vitenge vya sare. Kamati haizimi mmoja anapochoka. Hata haijui kama amechoka.

Mtasema: dawa yake ni kuitunza. Naitunza! Ukiongeza ISO maradufu, flashi inahitaji nusu tu ya nguvu. Ukitoka 400 ukaenda 1600, nguvu iliyokuwa ya picha moja inatosha picha nne. Unafungua lenzi, unasogea karibu, unaimulika dari ili mwanga urudi chini kwa upole. Hesabu imekaa vizuri nyumbani Ijumaa usiku. Kisha unafika ukumbini na kukuta mpambaji ameifunika ile dari nyeupe, dari ya watu, dari iliyokuwa haijamkosea mtu, kwa vitambaa vya zambarau iliyokolea. Kitambaa cha zambarau kinanyonya mwanga wangu na kinachobaki kinawarudia maharusi usoni kama ugonjwa. Inabidi niipige flashi moja kwa moja kwa nguvu kubwa. Na wapambe wamevaa suti nyeusi, nyuma yao pazia jeusi. Flashi ikijipimia yenyewe inaona giza, inaamini haijatosha, inamwaga kila ilichonacho. Suti sita nyeusi zinakula betri kuliko shela jeupe la mita tano.

Seti ya pili basi niichaji. Soketi inayofanya kazi iko nyuma ya spika. Nachomeka chaja, naondoka, narudi, imening'inia waya wake umelegea, na mahali pake pamechomekwa taa ya kuzunguka inayotupa vidoadoa vya kijani kwenye paji la uso la mchungaji. Nikiuliza naambiwa, "Kaka, hii ni programu ya mapambo."

Na kadi, ile kadi nzuri yenye utepe, imeandikwa saa kumi na mbili jioni! Wote tunajua. Aliyeiandika anajua. Maharusi wanaingia saa tatu kasoro, ukumbi unatakiwa ufungwe saa sita, na kati ya hapo kuna kuingia kwa madaha, shampeni, keki, kulishana keki, kuwalisha wazazi keki, ndafu, nasaha ya babu, nasaha ya mtu aliyesema hana nasaha, chakula, na zawadi. Ooh, zawadi. Kila kundi linakuja likicheza, wenzake kazini, kikoba cha mama, wana kwaya, majirani. Hatua mbili mbele, moja nyuma, katoni la vyombo kichwani. Likifika linataka picha ya pamoja. Kisha kila mmoja na maharusi peke yake. Kisha yule aliyekuwa chooni. Flashi imepata moto hata imegoma kulinda afya yake, kiongozi mwingine wa busara ambaye sijamsifu ipasavyo, ndipo MC ananguruma kwenye spika: "Mpiga picha wetu vipi, amesinzia?" Watu mia tatu na hamsini wanacheka. Nami nacheka, meno yote nje.

Hapo ndipo wataalamu wanapojitokeza. Kijana anatumwa dukani, anarudi na betri nne nyekundu za saa ya ukutani. "Betri si betri?" Zimeandikwa volti 1.5, kwa hiyo kwa macho zinazizidi zangu. Lakini flashi inavuta kwa pupa, na betri ya namna hiyo ikivutwa kwa pupa volti zake zinaporomoka. Inafaa kuhesabu dakika, haifai kumulika ukoo. Ikishindwa baada ya picha chache, mzee mmoja mwenye kofia anainyakua, anaiweka kwenye magego, anaiuma katikati kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuifanyia redio yake hivyo enzi za kuanika betri juu ya bati, anaifuta kwenye suruali na kunirudishia ikiwa na alama za meno. "Jaribu sasa." Nikajaribu. Ilitoa picha mbili. Shikamoo mzee, wewe peke yako ndiye uliyenichangia kitu usiku ule.

Maana mchango wa kamati kwa mpiga picha una utaratibu wake. Kwenye bajeti keki ina ghorofa tano, gari lina maua hadi kwenye vitasa, na mimi niko mstari wa mwisho, chini ya "mengineyo". Nusu hutolewa mwanzo, baada ya kupunguziwa bei kwa kuwa "hii ni harusi ya kwetu". Nusu nyingine ni baada ya sherehe, na baada ya sherehe ni wakati usiokuwa na tarehe. Chakula nacho: "Nyie wa kamera mtakula mwishoni," na mwishoni kuna mchuzi.

Nikampigia mweka hazina Jumatatu. Nikampigia Jumatano. Ijumaa nikakutana naye uso kwa uso kwenye harusi nyingine, yeye akiwa mweka hazina tena. Akanishika bega kwa upendo mkubwa. "Mdogo wangu, unanitafuta? Simu iliisha chaji."

Hapa ndipo ninapolazimika kuitetea heshima ya betri mbele ya umma. Mzee wangu, niliipiga simu ile mara nyingi, na kila mara iliita hadi ikakata yenyewe. Simu iliyoisha chaji haiiti.