Waraka kwa Mganga Mfawidhi, Yahusu Dirisha la Dawa

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, kwa cheo ni mimi wa kukuamkia. Basi kila mmoja abaki na heshima yake, tuingie kwenye jambo.

Kwanza, hongera. Nimeuona mkataba mpya wa huduma kwa mteja, umetundikwa juu ya mlango wa mapokezi. Fremu nzuri, kioo safi. Haki zote za mgonjwa zimo, ikiwemo ile ya kuelezwa ugonjwa wake na tiba yake kwa lugha anayoielewa. Ila maandishi ni madogo na mlango ni mrefu, kwa hiyo nadhani mpaka leo aliyeusoma wote ni fundi aliyepanda ngazi kutengeneza feni. Nimesikia pia kwamba watumishi wako wametoka semina ya huduma bora, wakapewa mtihani kabla na mtihani baada, na maksi zikapanda sana. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, naijua raha ya maksi kupanda. Ningependa tu kuuliza: mgonjwa naye alipimwa?

Maana huku nje ya dirisha la dawa mambo ni yale yale. Unapenyeza karatasi, bahasha zinarudi zimeandikwa 1x3, 2x2, 1x1. Sauti inatoka ndani: “Hiki kimoja kutwa mara tatu, hivi viwili asubuhi na jioni. Umeelewa?” Unajibu ndiyo. Ungejibu nini, na nyuma yako foleni imefika kwenye ngazi na mtoto wa mtu analia? Darasani nami nilikuwa nikiuliza “Mmeelewa?” na darasa zima linaitikia “Ndiyooo, mwalimu!” kabla sijafunga mdomo. Mtihani ndio uliotuumbua. Mgonjwa mtihani wake anaufanyia nyumbani, peke yake, na msahihishaji ni ugonjwa.

Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Roy Kessels, aliandika mwaka 2003 kwamba asilimia 40 hadi 80 ya anayoelezwa mgonjwa na mtabibu husahaulika papo hapo, na katika yale yanayokumbukwa, karibu nusu hukumbukwa visivyo. Hao ni waliokuwa wameelezwa. Sisi wa 1x3 hata cha kusahau hatujapewa.

Chukua dawa mseto ya malaria, ambayo kila nyumba inaijua. Mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili inafuata ya kwanza baada ya saa nane, zinazobaki ni asubuhi na jioni, na zote zinatakiwa kumezwa na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauinyonyi dawa vizuri. Sasa mtu amemeza ya kwanza saa nne usiku, ameambiwa kwa haraka “ya pili baada ya saa nane”. Yuko atakayeamka alfajiri saa kumi na mbili kumeza, na yuko atakayesubiri saa nane ya mchana, roho yake safi kabisa, akiamini amefuata maagizo. Siku ya pili homa imeshuka, vidonge vilivyobaki vinahifadhiwa kabatini kwa ajili ya mgonjwa ajaye. Akirudi anaumwa, faili linaandikwa kwamba mgonjwa hakuzingatia dawa. Neno hilo, Mheshimiwa, linatumika sana na watu ambao hawakueleza.

Wa kifua kikuu naye yuko hapo hapo. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, wakati mwingine hata machozi. Rangi hiyo haina madhara yoyote. Lakini asiyeambiwa atadhani anakojoa damu, ataziweka dawa chini wiki ya kwanza, na safari ya miezi sita itakuwa imeishia kituoni.

Hili la insulini nitakaa nalo kidogo, maana linanikera. Mama mmoja wa mtaani kwetu alitoka hospitali, siitaji ni ipi, na chupa yake na agizo moja: “Uiweke kwenye friji.” Hakuna aliyemuuliza kama ana friji. Hana, hata umeme hana. Akaona aibu kusema, akampelekea mwenye duka anayeuza barafu, chupa ikalala ndani ya friza, ikaganda. Insulini iliyoganda imeharibika. Hata ikiyeyuka na kuonekana kama maji safi, ni ya kutupa. Akajidunga nayo. Sukari ikabaki juu, dozi ikaongezwa, na hakuna aliyeuliza chupa inalala wapi. Wakati chupa aliyokwisha kuifungua ingeweza kukaa wiki nne hivi nje ya friji, mahali pasipo joto kali wala jua, na ambazo hazijafunguliwa zingepata nafuu ndani ya chungu kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Teknolojia hiyo bibi zetu walikuwa nayo kwa maji ya kunywa. Kilichohitajika ni swali moja: “Mama, utaihifadhi wapi?”

Najua utanijibu: mwalimu, watumishi ni wachache, foleni ni ndefu. Foleni naijua, maana foleni ni mimi. Lakini wangapi kati yetu tuliopanga mstari leo tumerudi kwa sababu juzi hatukuelewa?

Halafu jibu hilo lingekuwa na nguvu kama hospitali yako yenyewe isingelipinga. Nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje ipo kliniki ya tiba na matunzo. Tangu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004, kliniki za namna hiyo zimejifunza kumketisha mtu. Kabla hajaanza dawa anaulizwa atameza saa ngapi, akisafiri itakuwaje, nani nyumbani atamkumbusha. Wapo hata WAVIU washauri, wenyewe wanaishi na virusi, wanaoeleza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha daktari. Ukirudi, wanakuuliza umemezaje, na wanangoja jibu. Wahudumu ni wa hospitali ile ile na uhaba ni ule ule. Ukiwa na virusi unapata ushauri wa ufuasi wa dawa; ukiwa na sukari au presha unapata 1x1. Sitaki kuamini kwamba wale wanaelezwa kwa kuwa mfadhili huuliza takwimu, na sisi hatuelezwi kwa kuwa hakuna anayeuliza. Nisaidie nisiamini.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. “Umeelewa?” ifutwe dirishani. Mahali pake mtumishi aseme: “Nataka kujua kama nimekueleza vizuri, ukifika nyumbani dawa hii utaitumiaje?” Hapo anayepimwa ni mwelezaji, mgonjwa haoni haya. Akikosea, anaelezwa tena kwa njia nyingine, si kwa sauti kubwa zaidi. Na mtakapowapima watumishi, msiwapime ukumbini. Mtu asimame getini, aombe bahasha za wanaotoka, aulize kila mmoja atamezaje na kwa nini. Maksi zitakazopatikana hapo ndizo muandike kwenye tathmini ya mtumishi, na nakala ije ofisini kwako.

Kazi hiyo ya getini niko tayari kuifanya kila Jumanne, siku ya kliniki yetu ya sukari. Posho sihitaji. Nitaomba kiti tu, maana mguu wangu hausimami muda mrefu, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini.

Wako katika foleni,
Mwalimu mstaafu