Namba ya Bi Mkubwa

Tende zilikuwa zikigawiwa na Bi Mkubwa mwenyewe, mtu baada ya mtu, na kila mtu alipata tatu na dua. Alipofika kwangu alisimama, akanitazama juu ya miwani, akaniruka. Kijana wa pembeni yangu akapewa sita.

"Huyu mwacheni," alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni. "Yeye atafuturu kwa hela za serikali."

Ukumbi mzima ulicheka. Imamu naye alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Mimi nilifungua swaumu yangu kwa maji ya bomba, Jumamosi iliyopita, mbele ya takriban kila Mswahili ninayemfahamu hapa Houston, na hadi leo nikiona tende naziangalia kwa jicho la pembeni.

Mashitaka yalisomwa baina ya uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi: kwamba nimetaka kumuuza. Mwanamke aliyemlea Salma wangu tangu ana miezi minane, anayemlisha, anayemfundisha Alif Be Te na kumsuka, mimi nimekwenda nyumbani kwake na karatasi ili nimwandikishe kwa watu wa kodi. Kwamba karatasi hiyo nilikwenda nayo kwelikweli, na kwamba ilikuwa ndani ya bahasha safi niliyoinunua makusudi kwa heshima yake, ni mambo ambayo hayakutajwa.

Inabidi nieleze jinsi kitu hiki, nafuu ya kodi kwa malezi ya mtoto, kinavyofanya kazi, kwa sababu nimekisoma usiku baada ya usiku mpaka nimeanza kukipenda, na nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza tena. Mzazi anayefanya kazi Marekani, akimlipa mtu amtunzie mtoto aliye chini ya miaka 13 ili yeye aende kazini, anaruhusiwa kupunguziwa kodi kwa sehemu ya gharama hiyo. Kama wazazi ni wawili, wote lazima wawe na kipato, au mmoja awe mwanafunzi wa muda wote. Mtoto akitimiza miaka 13 katikati ya Machi, malezi ya kuanzia siku hiyo si malezi tena mbele ya sheria, hata kama kijana mwenyewe bado anaunguza chai. Kambi ya mchana inahesabika. Kambi ya kulala haihesabiki, hata kama mzazi anafanya kazi zamu ya usiku. Unaweza kumlipa bibi wa mtoto, mradi bibi huyo humdai kama tegemezi wako. Huwezi kumlipa mwanao mwenyewe aliye chini ya miaka 19, wala huwezi kumlipa mke wako, kifungu ambacho mke wangu alikiomba akisome mwenyewe, akakisoma, akanirudishia simu bila neno.

Halafu inakuja hesabu, na hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo. Tunamlipa Bi Mkubwa dola 200 kwa wiki, yaani zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, kwa mtoto mmoja, ritani ya kodi ya mwaka 2025 inatambua dola 3,000 tu. Wakiwa wawili, inatambua 6,000, na hapo ndipo mwisho, hata uwe nao saba. Katika hizo 3,000, kwa ritani hiyo ya 2025, familia ambayo kipato chake kilizidi dola 43,000 ilipata asilimia 20. Wenye kipato kidogo zaidi walipata hadi asilimia 35, na msomaji asiharakishe kusema serikali ina huruma, kwa sababu nafuu hii hailipwi taslimu: inapunguza tu kodi unayodaiwa. Na mwenye kipato kidogo kiasi hicho kwa kawaida hana kodi anayodaiwa. Kwa hiyo maskini amepewa asilimia kubwa kabisa ya kitu asichokuwa nacho. Nilipoielewa sentensi hiyo, saa nane za usiku, nilicheka peke yangu mpaka Salma akaamka.

Sisi ni wa asilimia 20. Asilimia 20 ya 3,000 ni dola 600. Na huzigusi mpaka ujaze fomu namba 2441, ambamo unaandika jina la mlezi, anwani yake, na ile namba yake ya tarakimu tisa ya hifadhi ya jamii, ambayo sote huku tunaiita sosho. Ipo hata fomu nyingine, W-10, ambayo kazi yake pekee ni kumwomba mlezi namba hiyo kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya bahasha.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto kala, kaoga, yuko na katuni zake."

Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma kulikokuwa kweupe, akasoma na huko.

"Hii si ndiyo namba tuliyoambiwa tusimpe mtu?"

"Ndiyo hiyo."

"Aliyetuambia nani?"

"Serikali."

"Na anayeitaka leo nani?"

"Serikali, Bi Mkubwa."

"Kwani hawanayo? Si wao walionipa?"

"Wanayo."

"Basi wakaitafute walikoiweka."

Nilijaribu kueleza. Bi Mkubwa ana makaratasi yake yote halali, haogopi mtu wa uhamiaji wala mwanga, lakini alifanya biashara ya vitenge Tanga miaka mingi na mtu wa namna hiyo humpi hesabu nusu. Akaniuliza mimi nitapata nini. Nikasema dola 600. Akauliza yeye atapata nini. Nikamweleza, kwa sauti iliyokuwa ikishuka kila neno, kwamba anayelea watoto nyumbani kwake anahesabiwa kuwa amejiajiri, na aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida yake kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, mwajiri na mwajiriwa ndani ya mtu mmoja. Kwa pesa ninazompa mimi, kabla hajatoa gharama za vyakula na vifaa vya watoto, hiyo ni karibu dola 1,470.

Alinyamaza kidogo tu.

"Yaani wewe upate mia sita, mimi nitoe elfu moja na mia nne, halafu sote tuseme serikali imetusaidia."

Nikaleta hoja yangu ya mwisho, ambayo ni nzuri na bado naiamini. Pensheni ya huku hupatikana kwa kukusanya pointi 40, na huwezi kupata zaidi ya nne kwa mwaka. Kwa mwaka 2025, aliyetangaza mapato ya dola 7,240 alizipata zote nne. Kwa pesa zetu tu, kila mwaka angejikusanyia nne. Miaka kumi, ana pensheni yake mwenyewe.

"Mimi nina sitini na sita," alisema Bi Mkubwa. "Kwa hiyo nikifika sabini na sita wataanza kunilipa. Na wakati huo mimi nani atakuwa ananilea, na yeye namba yake ataombwa na nani?"

Akaikunja fomu W-10 mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia.

Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Kuna mzee alituma ujumbe wa sauti mrefu kuhusu usaliti, akianzia enzi za ukoloni. Akina mama ambao watoto wao pia wanalelewa na Bi Mkubwa waliweka vikopa vya kumpa pole.

Pale kwenye futari, baada ya kurukwa na tende, nilijitetea kwa historia, kwa sababu historia hii ni tamu na nilidhani ukumbi utalainika. Niliwaambia kwamba zamani Wamarekani waliandika majina tu ya watoto wao kwenye ritani, na serikali ikaamini. Afisa mmoja wa kodi, John Szilagyi, alikuwa ameona ritani nyingi zilizokaguliwa na akajua kuna watoto wa ajabu humo. Wazazi walioachana walimdai mtoto yuleyule, kila mmoja kwake. Kuna tegemezi aliyeitwa Fluffy, jina la paka au mbwa. Szilagyi akapendekeza kila mtoto aandikwe na namba yake. Wakubwa walisita, ikaonekana ni serikali kuchungulia majumbani mwa watu, lakini mwaka 1986 Bunge likaipitisha kwa watoto wa kuanzia miaka mitano. Ritani za mwaka 1987 zilipoletwa, watoto wapatao milioni saba walikuwa hawapo. Hakukuwa na vita, hakukuwa na ugonjwa. Walitoweka kwa sababu kisanduku kimoja kiliongezwa kwenye fomu. Na kuanzia mwaka 1989 dawa ileile ikahamishiwa kwa walezi: ukitaka nafuu ya malezi, taja namba ya mlezi. Waliodai wakapungua mara moja.

Ukumbi ulisikiliza. Nadhani hata waliipenda. Bi Mkubwa alimaliza uji wake, akafuta mdomo.

"Kwa hiyo Wamarekani wamedanganya kwa paka," alisema, "na mimi ndiye nilipe?"

Nikawatajia Zoë Baird, mwanasheria aliyependekezwa na Clinton kuwa mwanasheria mkuu wa serikali mwaka 1993, akalazimika kujitoa kwa sababu ya yaya asiye na kibali ambaye hakuwa amemlipia michango ya hifadhi ya jamii. Imamu akauliza yule yaya naye ilikuwaje. Ikaletwa kalmati.

Kwa mtayarishaji wa ritani, Mkenya mmoja mwenye ofisi kati ya duka la simu na duka la kucha, mambo yalikuwa mafupi zaidi, na hayakunichekesha.

"Wategemezi?"

Nikamtaja Salma. Akabofya: dola 2,200, safi kabisa. Nikamtaja mama yangu, Pangani. Mama ana kisukari na hana pensheni. Dawa zake, umeme wake, bati lake jipya, vyote vinatoka mfukoni mwangu, na karatasi zote za kutuma pesa ninazo. Nikawataja na wapwa wawili ninaowalipia ada. Akaacha kubofya.

"Wanaishi hapa?"

"Pangani."

"Sasa ndugu yangu, mama ni mama. Lakini hapa ni Texas."

Sheria inasema tegemezi awe raia wa Marekani au mkazi wake, au awe mkazi wa Kanada au Meksiko. Hao majirani nao siku hizi hawakupi zile dola 500 za tegemezi mtu mzima, lakini angalau jina wanalipata. Kwenye karatasi mtu wa Monterrey anaweza kuwa tegemezi wa mwanawe. Mama yangu si kitu chochote. Mtoto aliyezaliwa Houston Desemba 31, dakika moja kabla ya saa sita ya usiku, anahesabika kuwa ametunzwa mwaka mzima. Mama yangu niliyemtunza miezi 12, na 12 ya mwaka uliotangulia, hahesabiki hata hiyo dakika. Na kana kwamba kutomwona hakukutosha, tangu Januari 1, 2026, anayekwenda dirishani na noti mkononi kutuma pesa nje anakatwa asilimia moja. Anayetuma kutoka benki au kwa kadi hakatwi. Najua watu wanaotuma kwa noti. Wengi wanafagia hospitali usiku, wana mama zao Kigoma na Bukavu, na walipopewa fomu ya kuandika wanaowategemea, walikuta nafasi haipo. Serikali iliyodai haiwezi kuwaona akina mama hao kwa sababu wako mbali mno imewaona vizuri sana ilipotaka senti moja katika kila dola yao.

Nilimwambia yule Mkenya haya yote. Akasema anaelewa, na nyuma yangu kuna foleni.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kwa Bi Mkubwa bado kuna njia. Mlezi akikataa kutoa namba, unaandika jina na anwani yake, halafu unaambatanisha maelezo kwamba ulimwomba na akakataa. Nilirudi nyumbani nikaiandika. "Nilimwendea mlezi aliyetajwa hapo juu, nyumbani kwake, nikamwomba, naye akakataa." Nilipoisoma kwa sauti mke wangu aliuliza kama hiyo ni ritani au maelezo ya polisi, na kama ninakusudia kuituma kabla au baada ya kumchukua mtoto kwake jioni.

Fomu 2441 sikuijaza. Ritani iliyobaki ilirudishwa baada ya kutumwa kwa sababu Salma alikuwa ameshadaiwa na binamu yangu wa Dallas, aliyekaa naye wikiendi mbili za likizo. Ada ya mtayarishaji sitaitaja.

Jumatatu nilimpeleka Salma kwa Bi Mkubwa kama kawaida. Salamu iliitikiwa, mtoto akapokewa. Nilipokuwa nageuka akaniambia kwamba kuanzia wiki hii malezi ni dola 220. Nikauliza, kwa upole, ile ishirini ni ya nini.

"Usumbufu," alisema, akafunga mlango.