YAH: OMBI LA KUANDIKISHWA KUWA ADUI

Kumb. Na.: haikutolewa

Kwa Mhifadhi wa Mali za Adui,
Dar es Salaam.

Bwana Mkubwa,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Najua ofisi yako ilifungwa zamani, ila hapa Bariadi tumezoea kuziandikia ofisi zisizojibu, kwa hiyo usione haya.

Nimesoma habari zako za Septemba 1939. Vita ilipotangazwa, Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa haraka, na wanaume wengi wakaishia kambini Afrika Kusini. Mali zao ukazishika wewe. Mashamba ukayasimamia, ukayapangisha, mengine yakauzwa. Wengi hawakuyaona tena, wala sisemi ulikuwa malaika. Lakini kulikuwa na faili. Aliyenyang'anywa alijua amlaani nani, kwa cheo na kwa anwani.

Sasa sisi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwisho uwe 1976. Mwaka 1974 operesheni ya kuhamishia watu vijijini ikapita huku, enzi hizo tukiwa Mkoa wa Shinyanga. Simiyu imezaliwa juzi tu, 2012. Hatukuwa maadui wa mtu. Tulikuwa wananchi, na hilo ndilo lililotuponza.

Mji wa Msukuma haufungashwi, Bwana Mkubwa. Sufuria utazipandisha kwenye lori, na kitanda cha kamba, na kuku waliofungwa miguu. Kihenge cha mtama hakipandi. Ukikibomoa uokoe mtama, huna pa kuutia. Jiwe la kusagia linataka wanaume wawili, na mmoja kaenda kutafuta ng'ombe. Uzio wa minyaa ulioota miaka na miaka utaung'oa uupeleke wapi? Na humo zizini amelala babu, maana wenye miji walizikwa zizini. Kwingine nchini paa liliezuliwa au kuchomwa moto mwenyewe akiangalia, asije akapata wazo la kurudi. Watu wa mbali husema katika kijiji chetu cha Gamboshi mali hutoweka kwa uchawi. Mwaka ule wachawi walipumzika, lori lilitosha.

Nani aliandika vilivyobaki? Mkulima akipeleka pamba kwenye chama cha ushirika (AMCOS) anapewa risiti, hata kama malipo yatachelewa. Aliyeacha mji mzima hana kipande cha karatasi.

Ibara ya 97 ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 inasema raia aliyewekwa kizuizini vitani aachiwe vitu vyake vya matumizi. Fedha yake ikichukuliwa, apewe stakabadhi yenye maelezo. Na kitu chenye thamani ya moyoni kisiguswe. Tanganyika ilijiunga na mikataba hiyo 1962, miaka 12 kabla ya lori. Shida ni kwamba ibara hiyo ni ya watu walio vitani. Sisi tulikuwa tunaendelezwa.

Kwa hiyo naomba wazee wa hapa waandikishwe kuwa maadui, kuanzia 1974, ili nao wapate faili. Fomu zikija, tafadhali ziambatane na maelekezo: kihenge ni mali inayohamishika au isiyohamishika? Na babu aliye zizini ajazwe safu ipi? Tumeona ya samani, tukasita.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Bariadi
(adui mtarajiwa)

Nakala: Mwenye lori, popote alipo.