Kivuli Juu ya Ungo

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama, lakini lilipogonga jino la baba mkwe wangu, meza nzima ilisikia. Alinyamaza kidogo, akalitoa kwa ncha za vidole, akaliweka pembeni mwa sahani, akaendelea kumega bukari. "Mama, maharagwe yamekolea," akaniambia. Heshima yake hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenikaripia, ningelala usingizi.

Maharagwe yale niliyachagua mwenyewe jioni ile, punje kwa punje, juu ya ungo. Sikuwa na haraka wala uvivu. Sikuona tu.

Jiko letu hapa Karavia, mtaa wa Lubumbashi, ni dogo, mita 2 kwa 3, na dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani. Ikifika saa kumi na mbili jioni, tegemeo letu ni ampuli moja iliyoning'inia katikati ya dari. Meza ya kazi imeegemea ukuta. Kwa hiyo mpishi akisimama mezani huipa taa mgongo, na kivuli cha kichwa na mabega yake huangukia palepale mikono inapofanya kazi. Kitunguu, kisu, kidole na jiwe vyote hukaa gizani, huku sakafu ikimulikwa bure.

Kesho yake mume wangu alikwenda soko la Kenya, komini mojawapo ya hapa Lubumbashi, akarudi na ampuli ya wati 20. Kumbe ni ya kuzungusha, na soketi yetu ni ya baioneti, ile ya kusukuma na kupinda. Akarudi sokoni. Tulipoiwasha ile ya pili, watoto walipiga makofi, nyumba ikawa kama uwanja wa mpira. Nikasimama mezani na ungo wangu. Kivuli kilikuwa palepale, tena cheusi zaidi.

Haikuishia hapo. Jumamosi nilileta nyama ya ng'ombe, nikaanza kuikata chini ya mwanga ule mweupe wenye ubluu. Nyama ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaamini imeharibika, nikamtupia mbwa nusu yake. Jirani alipofika, tulitoka na iliyobaki hadi barazani, penye ampuli ya zamani ya njano. Ilikuwa nyekundu, safi kabisa. Wanangu walikula mchuzi wenye vipande viwili viwili.

Siku ile ndipo niliposoma kartoni ya ampuli mpya. Iliandikwa 6500K. Namba hiyo hueleza rangi ya mwanga: 2700 au 3000 ni wa njano kama wa ampuli za zamani, 4000 ni mweupe wa wastani, 6500 unaelekea ubluu. Iko namba nyingine, Ra, ambayo mwisho wake ni 100. Hiyo huonyesha taa inavyotunza rangi za vitu, na kwa jiko isipungue 80. Kartoni yetu haikuwa nayo.

Kilichotufundisha ni delestaji, yaani mgao wa umeme. Mwisho wa kiangazi maji ya mito kama Lufira hupungua, na mabwawa yanayoilisha Katanga umeme, tangu lile la Mwadingusha la 1930, hupungukiwa nguvu. Jioni moja ya Oktoba umeme ulikatika nikiwa na ungo mkononi. Binti yangu alikuja na simu, akawasha tochi, akaishika kando yangu, usawa wa kidevu, karibu na maharagwe. Nikaona jiwe. Nikaona la pili, na la tatu. Kijitaa kidogo kuliko ukucha kilinionyesha kile ambacho wati 20 zilikificha.

Sababu yake ni nyepesi. Tochi ilikuwa mbele ya mabega yangu, tena ilikuwa karibu. Mwanga hufifia kwa kasi kadiri unavyosafiri: taa iliyo mita 2 kutoka mezani, ukiisogeza hadi nusu mita, meza hupata mwanga wa takriban mara 16.

Tukamwita fundi wa umeme. Alifunga taa mbili fupi za LED chini ya rafu, kwenye ukingo wa mbele ulio upande wa mpishi, sentimita 50 juu ya meza. Alitaka kuunganisha nyaya kwa skochi tu. Nilikataa, kwa sababu sombe huchemka kwa saa nyingi na mvuke wake hupanda hadi darini. Viungo vyote viliingia kwenye kisanduku chenye kifuniko, mbali na maji. Darini tuliweka LED ya wati 9, ambayo mwanga wake unakaribia ule wa ampuli ya zamani ya wati 60. Ile ya wati 20 iko nje, inalinda lango la lupango. Kwa ajili ya delestaji tuna taa moja ya kuchaji, imening'inizwa kwenye rafu ileile.

Baba mkwe alirudi, akala maharagwe, akaongeza sahani ya pili.

Nawe unayejiandaa kununua ampuli ya jikoni, subiri usiku uingie kwanza. Simama unapokatia mboga, unyooshe mikono yako mezani. Ukiona kivuli chako kimekaa juu ya kisu, usitafute taa kubwa zaidi. Hamisha taa.