Sifa za Mshono Unaofumuka

Watu husifu mvua, husifu ng'ombe wa maziwa, na ukikaribia uchaguzi husifu hata wabunge. Mshono unaofumuka haujawahi kuimbiwa na mtu. Dhuluma hiyo inaonekana wazi Nuu, chini ya milima ya mashariki mwa Mwingi, ambako sare za shule hutolewa kwenye nailoni kila Januari zikinukia dukani, na Februari haijaisha zimeanza kucheka kwapani. Mzazi hulaani, mtoto hujibana mkono ubavuni, na mshono uliotenda wema huambulia matusi.

Kwanza, ni mkweli. Shati jipya limejaa hila: kola imesimamishwa kwa kadibodi, mgongo umebanwa kwa pini, vifungo vinang'aa. Ni mshono tu unaothubutu kusema nguo ile ina thamani gani. Na humwambia mtu ukweli wake pia. Jamaa aliyerudi kutoka Nairobi kwa Krismasi, akala mbuzi na chapati kwa siku kadhaa, hatasikia neno kutoka kwa shangazi zake kuhusu kitambi. Siku ya kuondoka atainua mguu apande bodaboda, na suruali itapasuka msamba. Ujumbe umefika.

Nasaba yake pia si ya kubezwa. Mnamo 1830, Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipewa hataza ya cherehani iliyoshona kwa uzi mmoja, kila kitanzi kikishikwa na kitanzi kinachofuata, kama mnyororo. Mashine zake zikapelekwa Paris kushona sare za wanajeshi. Mafundi wa jiji, wakihofia kunyang'anywa riziki, walizivamia mwaka uliofuata wakazivunja. Maskini, hawakumtambua rafiki! Mnyororo ule, uzi ukikatika mahali pamoja au ncha yake isipofungwa, hufunguka wote. Wangevumilia kidogo wangepata kazi ya kurekebisha hadi kwa vitukuu.

Mwenye shaka na aende kwenye gunia la sukari la kilo 50. Mdomo wake umefungwa kwa mshono huohuo. Akikosea upande atahangaika hadi aitishe kisu; akiipata ncha yenyewe, anavuta mara moja na gunia linaachama, huku uzi mzima ukibaki mkononi, tayari kufungia kuku mguu.

Mshono wa nyuzi mbili, moja ya sindano na nyingine ya bobini, ambao Mmarekani Elias Howe aliupatia hataza mwaka 1846, hauna ukarimu huo. Nyuzi hukumbatiana katikati ya kitambaa, na moja ikikatika jirani zake hung'ang'ana. Ndio huo fundi wa barazani hushona kwa cherehani yake nyeusi ya miguu. Viwanda havikuacha mnyororo kwa sababu nzuri sana: uzi hutoka kwenye koni kubwa, hakuna kusimama kubadilisha bobini. Pembeni hupigwa ovaloki, mikia ya uzi hukatwa bila kufungwa, na nguo huenda zake. Kiwanda kinachopunguza mishono kwa kila inchi kisishtakiwe kwa ubahili. Kimemwachia mnunuzi sehemu ya kazi, tena kwa bei ileile.

Na mnunuzi huifanya. Tangu 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, wanafunzi wa shule za msingi walifunzwa ushonaji katika sayansi kimu. Somo lilipoondolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mshono unaofumuka uliendelea kufundisha bila mshahara na bila mgomo. Darasa lake liko kitandani, jioni, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Amri ya kwanza ni kutokata ule uzi unaoning'inia, ingawa mkono unawasha. Huvutwa upande wa ndani, ukafungwa fundo. Kisha hukatwa uzi mpya usiozidi dhiraa mbili, maana mrefu hujisokota, nao hupitishwa kwenye nta ili uteleze. Mwingi ni nchi ya asali, nta si shida. Aliyeikosa hutumia kipande cha mshumaa. Rangi ikikosekana, iliyokolea kidogo hujificha kuliko iliyopauka. Sindano haianzii penye tundu. Huanzia upana wa kidole kabla yake, palipo pazima, ikapita katika vitobo vilevile ambavyo kiwanda kiliacha, na kila ikisonga mbele hurudi nyuma nusu hatua kabla ya kusonga tena. Anayeshona akikaza uzi sana, kitambaa hujikunja kama uso wa aliyelamba ndimu, naye hufumua aanze upya. Hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyo.

Kinamama wanaosuka syondo, yaani vikapu, hutazama zoezi hili kwa dharau kidogo, na haki wanayo. Nyuzi zao za mkonge husokotwa kwa kiganja juu ya paja hadi zishikane, na kikapu hubeba mahindi kwa miaka bila kuteta. Uzi wa fulana ya dukani, kwa macho yao, ulisokotwa na mtu asiye na paja.

Adui wa kweli wa mshono huu ni suruali ya jinzi. Mnamo 1873, fundi Jacob Davis wa Nevada na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza ya kupigilia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko, pale hasa panapopenda kuachia. Kati ya miguu kitambaa hukunjwa kikaingiliana, kikapigwa mishono miwili sambamba. Nguo ya kiburi. Inaweza kupita mitumba, ikavaliwa Mwingi hadi ipauke, bila kumfunza mtu kushika sindano.

Ila pindo la chini, hata katika jinzi za fahari, mara nyingi hupigwa mnyororo wa Thimonnier. Mwenye nazo na ainamie kisigino chake atafute ncha.