Wenye Kiu ya Mkanda Mweusi: Majibu kwa Wasomaji

Klabu ya karate, judo au taekwondo huchaguliwa kwa kutazama darasa lake likiendelea. Ada hulipwa baadaye. Msomaji wa Tandika aliyelipa miezi sita kwa mkupuo kwa kuvutiwa na misuli ya mwalimu pichani aligeuza utaratibu huo, na safu hii haina uwezo wa kumrudishia fedha.

Wa kutazamwa darasani si mwalimu hasa bali wanafunzi wake wapya. Katika judo, somo lao la kwanza ni kuanguka: kidevu hubanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono hupiga mkeka ili kishindo kisiishie mgongoni. Klabu inayomrusha mgeni kabla hajajua hayo, tena juu ya saruji, haihitaji kutazamwa mara ya pili. Dalili nyingine ni namna wakongwe wanavyowashika wageni. Aliyekabwa akigonga mkeka kuomba kuachiwa, huachiwa papo hapo. Mahali ambapo mwalimu hucheka wakati mgeni anapopondwa, mgeni anayefuata ni mtazamaji mwenyewe. Msomaji aliyeomba klabu ya kumwezesha kumchapa shemeji yake ifikapo Idi ajue kwamba mpaka siku hiyo atakuwa bado anajifunza kuanguka, ujuzi ambao kwa mpango wake utamfaa sana.

Mzazi wa Tabata anashangilia: mwanawe wa miaka minane amepata mkanda mweusi ndani ya mwaka, baada ya mitihani isiyohesabika, kila mmoja na ada yake. Kabla ya kushangilia zaidi, ajue mikanda ilikotoka. Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, na mkanda mweusi ukatoka katika shule yake ya Kodokan. Mikanda ya rangi nyingi ilikuja kuenea Ulaya katika miaka ya 1930, kupitia Mikonosuke Kawaishi aliyefundisha Paris, ili mwanafunzi asiyejua kusubiri aone hatua zake. Wenye biashara hawakuchelewa kuona faida yake. Katika taekwondo, Kukkiwon ya Seoul humpa mtoto wa chini ya miaka 15 ngazi ya pum, yenye mkanda nusu mwekundu na nusu mweusi. Mzazi ana haki ya kuuliza cheti kinatolewa na chama gani, na mitihani yote itagharimu kiasi gani, kabla ya kununua sare. Ana haki pia ya kukaa pembeni wakati wa mazoezi. Mwalimu anayewafungia wazazi nje kwa kisingizio cha nidhamu aachwe na nidhamu yake.

Kijana wa Mbagala amekatazwa kupigana hata kwa majaribio, kwa madai kwamba mbinu za mwalimu wake zinaua. Madai yasiyojaribiwa hayaaminiki. Mwaka 2017 nchini China, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapambano mchanganyiko, alipambana na Wei Lei, mwalimu wa taichi. Mwalimu alikuwa chini kabla nusu dakika haijaisha. Taichi yenyewe haina kosa, na wazee wengi huifanya ili miguu isiyumbe. Ila anayetaka kujua kujilinda anahitaji mwenzake anayekataa kuanguka kwa hiari, na klabu isiyo na zoezi la namna hiyo inafundisha kitu kingine, pengine kizuri, chini ya jina lisilo lake.

Limebaki swali lililoletwa na wengi: mchezo upi ni bora? Judo ni ya kukamata na kuangusha, taekwondo hutegemea zaidi mateke, karate huchanganya ngumi na mateke. Kwa anayeanza, tofauti hizo ni ndogo kuliko umbali. Klabu ya kubadilisha daladala tatu huhudhuriwa vizuri mpaka masika yaanze.